Kwa nini intaneti ya nyumbani huenda mwendo wa kobe

Hapa kwetu Epulu, katika teritori ya Mambasa, mkoa wa Ituri, malalamiko juu ya barabara ni ya zamani na malalamiko juu ya intaneti ni mapya, lakini yote mawili husemwa kwa maneno yale yale, ya kuwa kitu hakipiti. Lori hukwama topeni. Picha nayo hukwama njiani, nusu ya uso imefika na nusu haijulikani iko wapi. Watu husema, "Mtandao umelala," kisha huketi wakingoja uamke wenyewe, kana kwamba hakuna la kufanya. Mimi nasema lipo la kufanya, ingawa si kila mara, na ndiyo sababu nawaandikieni, ndugu wasomaji.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili si mchezo kwetu. Binti yangu anasoma uuguzi Bunia. Tangu Mei 2021 mkoa wetu, pamoja na Kivu ya Kaskazini, uliwekwa na serikali chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu ya vita, na safari ya barabarani kati ya Mambasa na Bunia si jambo la kuamuliwa asubuhi na kutendwa mchana. Nasi wenyeji wa Epulu tunajua maana ya kukosa habari kwa wakati wake: tarehe 24 Juni 2012 waasi walivamia kituo cha Hifadhi ya Okapi, wakaua watu, wakaua na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale. Basi bibi yake binti huyo, yaani mama mkwe wangu, ambaye tunakaa naye, hataki kulala kabla hajamsikia mjukuu wake kwa masikio yake mwenyewe. Ujumbe wa maandishi haumtoshi. Husema maandishi yanaweza kuandikwa na mtu yeyote, bali sauti ni ya mwenyewe.

Kwa ajili hiyo, nyumba tano tulichanga fedha tukafunga sahani ya setelaiti juu ya paa la nyumba yetu, pamoja na paneli za jua, betri, na ruta ya kurusha waifai. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa furaha. Mwezi wa tatu sauti ya binti ilikuwa ikikatika kama ya mtu anayezama.

Mtu akitaka kutibu ugonjwa hana budi ajue uko kiungo gani. Kadhalika na intaneti. Neno litokalo katika simu ya bibi hupita njia ndefu yenye vituo vingi: hutoka katika simu kwenda kwenye ruta bila waya, ruta hulipeleka kwa waya hadi kwenye sahani, sahani hulirusha mbinguni, setelaiti hulirudisha duniani katika kituo kikubwa kilicho mbali, na kutoka kituo hicho hushika nyaya za nchi kavu na nyaya za chini ya bahari. Watu wengi huona simu tu mkononi, wakadhani uvivu wote uko ndani ya simu. Hununua simu mpya. Fedha hupotea, na kobe hubaki kobe.

Tuanze na mbingu. Setelaiti za aina ya zamani, kama ile tuitumiayo sisi, husimama juu ya mstari wa Ikweta kwa urefu wa kilomita 35,786. Kwa urefu huo huzunguka sawasawa na dunia, na kwa hiyo huonekana kama imepigiliwa msumari mahali pamoja. Sauti ya bibi hupanda umbali huo na kushuka, kisha jibu hupanda na kushuka, jumla kilomita 143,000 na zaidi. Mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, wala hakuna kitu cha kukimbia kuliko hapo. Hesabu ni nyepesi: karibu nusu sekunde hupotea angani tu, hata kama mitambo yote ni mizima. Nusu sekunde hiyo haitibiki kwa dawa yoyote ya nyumbani. Bibi alikuwa akiuliza, akidhani hakusikiwa anauliza tena, na jibu la kwanza linamkuta katikati ya swali la pili. Wote wawili wakanyamaza, wote wawili wakaanza pamoja. Nilimkumbusha desturi ya foni, redio ile ya masafa marefu ambayo misheni na vituo vya misituni vimeitumia miaka mingi: msemaji humaliza, humwachia mwenzake, hungoja. Alikuwa akiijua tangu ujana wake. Siku hiyo hiyo mazungumzo yao yakawa na utaratibu, wala hatukugusa mtambo wowote.

Ziko setelaiti mpya, kama zile za Starlink, zinazozunguka chini zaidi, kwa urefu wa kilomita 550 hivi. Safari yao ya kwenda na kurudi haitimii hata sehemu moja ya mia ya sekunde, ijapokuwa nyaya za duniani huongeza muda wao. Hapa Kongo, mamlaka ya posta na simu ilikataza vyombo vyake Machi 2024 kwa kuwa havikuwa na kibali, kisha kibali kikatolewa Mei 2025. Wanaouliza kama vyafaa kwa kijiji cha msituni, jibu ni kwamba vinafaa sana mahali penye mbingu wazi. Kwa kuwa setelaiti hizo hazisimami bali hupita, chombo chake kinahitaji kuona sehemu kubwa ya anga, na miti mirefu ikikizunguka, mazungumzo hukatika kila zinapofichwa na matawi.

Jambo la pili liko baharini, nami nakiri kwamba ndilo linalonistaajabisha kuliko yote. Maji ya mto wetu Epulu huingia katika mto Ituri. Ituri, ukishuka magharibi, huitwa Aruwimi, na Aruwimi huingia katika mto Kongo huko Basoko. Mto Kongo nao haukomi ufukoni, maana chini ya bahari ya Atlantiki pana bonde refu lenye kina kikubwa ambamo mchanga na tope la mto huendelea kushuka. Januari 2020 tope hilo liliporomoka katika bonde hilo likasafiri zaidi ya kilomita 1,100 chini ya bahari, na katika kwenda kwake likakata nyaya mbili za mawasiliano, SAT-3 na WACS. Agosti 2023 maporomoko katika bonde lile lile yakazikata nyaya hizo tena, na nchi nyingi za Afrika zikaona intaneti yao ikizorota. Upande wa mashariki nako, tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika, na watu wa Tanzania, Kenya na Uganda wakalalamika pamoja. Siku kama hizo, mwenye nyumba asifungue ruta kwa bisibisi. Aulize kwanza: je, jirani mwenye mtambo mwingine ana shida hiyo hiyo? Ikiwa ni ya wote, ugonjwa uko mbali, na dawa yake iko katika meli za kutengeneza nyaya.

Lakini siku za namna hiyo ni chache. Siku nyingi kobe yumo ndani ya nyumba.

Njia ya kumtambua ni rahisi. Chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa waya, pima mwendo. Kisha ondoa waya, kaa mahali unapokaa siku zote, pima kwa waifai. Ikiwa kwa waya mwendo ni mzuri na bila waya ni mbaya, usimlaumu mwuzaji wa mtandao, kosa liko baina ya ruta na wewe. Ikiwa kwa waya pia ni mbaya, na hakuna mtu mwingine anayetumia, ndipo umpigie simu mwuzaji, ukiwa na hesabu mkononi. Na hapa pana mtego wa maneno. Sisi tumezoea kununua "mega", nazo ni megabaiti, kipimo cha ukubwa wa mzigo. Matangazo ya mwendo hutaja megabiti, na baiti moja ina biti nane. Mtu aliyeahidiwa megabiti 10 kwa sekunde atapata megabaiti moja na robo tu, hivyo picha ya megabaiti 5 itachukua sekunde nne. Hakuibiwa, ila hakuelezwa.

Nyumbani kwetu kipimo cha waya kilikuwa chema. Basi nikatazama ruta ilipo. Fundi aliyetufungia aliiweka stoo, karibu na tundu la waya, kwa kuwa palikuwa pafupi kwake. Mbele yake kulikuwa na pipa la maji, ubavuni magunia ya mchele, na nyuma mlango wa bati. Kwa mawimbi ya waifai hapo ni gerezani. Maji huyanywa mawimbi hayo, bati huyarudisha nyuma kama kioo kinavyorudisha mwanga, na ukuta mnene wa udongo, hasa ukilowa mvua, huyapunguza nguvu. Mbao kavu na mianzi huyaacha yapite bila taabu kubwa.

Watu huuliza: ikiwa mawimbi yanafika, hata kama ni dhaifu, mbona mwendo unapungua? Nitajibu kwa mfano wa kwetu Kongo. Walokele wa kandokando ya mto, karibu na Kisangani, walikuwa wakipeleka habari kwa ngoma kutoka kijiji hata kijiji. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyekaa nao Yakusu, alieleza jambo hilo katika kitabu chake cha 1949. Ngoma haina herufi, ina sauti ya juu na ya chini tu, na maneno mengi yana sauti zinazofanana. Kwa hiyo mpigaji hakupiga neno moja, bali fungu zima la maneno lililolieleza neno hilo, ili msikiaji wa mbali asikosee. Habari ilifika salama, lakini ilichukua muda mrefu zaidi. Ruta hufanya vivyo hivyo. Simu ikiwa karibu na kusikia vizuri, ruta husema upesi, ikibana mambo mengi katika kila pigo. Simu ikiwa mbali, au nyuma ya pipa la maji, ruta husema polepole na kwa uangalifu ili isieleweke vibaya, na neno lisilofika hulirudia. Mwendo wa kobe, basi, ni ruta inayosema na kiziwi.

Tukaihamisha. Tulivuta waya mrefu hadi sebuleni, tukaifunga juu ya nguzo ya katikati, juu ya vichwa vya watu, mbali na mabati na maji. Kazi hiyo ilichukua mchana mmoja na gharama yake ilikuwa waya tu. Chumba cha bibi, ambacho kwanza kilikuwa hakipati kitu, kikawa kinapata vizuri. Ruta nyingi za siku hizi hurusha kwa njia mbili: ya gigahezi 2.4, inayofika mbali na kupenya ukuta, na ya gigahezi 5, iliyo na mwendo zaidi lakini huchoka upesi ukutani. Aketiye karibu na ruta atumie ya pili, na wa vyumba vya mbali watumie ya kwanza. Kwa wasomaji wetu wa Bunia, Kampala au Nairobi, wanaokaa nyumba zilizobanana, ipo shida nyingine tusiyo nayo sisi wa msituni: ruta za majirani husema katika mkondo mmoja na kuzuiana. Katika gigahezi 2.4 mikondo isiyoingiliana ni 1, 6 na 11, basi mtu achague ule usio na watu wengi.

Neno juu ya vile visanduku vya kuongeza nguvu vinavyouzwa sokoni. Vingi husikiliza na kusema kwa mdomo mmoja: hupokea neno, kisha hulisema tena katika mkondo ule ule, na hivyo karibu nusu ya mwendo hupotea. Vinasaidia mahali pasipofika kitu kabisa, lakini mimi ningenunua waya kwanza.

Sasa nije kwenye jambo lililotuletea maneno nyumbani. Baada ya kuhamisha ruta, asubuhi mwendo ulikuwa mzuri, lakini jioni, saa ile ya bibi, sauti ilikatika tena. Nilihesabu simu zilizounganishwa, nikakuta 23. Nyumba tulizochanga ni tano, lakini vijana walikuwa wakikaa chini ya mwembe wetu kila jioni, na nywila ilikuwa inajulikana hata na wapita njia.

Ili msomaji aelewe ubaya wa wingi huo, nimrudishe nyuma kidogo. Mwaka 1971, katika visiwa vya Hawaii, mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Norman Abramson na wenzake waliunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio, kwa kuwa hapakuwa na waya mzuri wa kupita baharini. Mtambo wao uliitwa ALOHAnet. Kanuni yao ilikuwa hii: kila kompyuta iseme itakapo, na zikisema mbili pamoja na maneno yakagongana, kila moja ingoje muda wa kubahatisha kisha irudie. Waifai ya leo imerithi desturi hiyo na kuitengeneza: kila chombo husikiliza kwanza kama hewa ni kimya, ndipo kiseme. Lakini hewa ni moja. Watu watano wastaarabu barazani hupokezana maneno vizuri. Watu 23 hupoteza muda mwingi katika kungojana na kugongana. Tena simu moja ya zamani iliyo mbali, inayosemeshwa polepole kama nilivyoeleza juu ya ngoma, hushika hewa muda mrefu na kuwachelewesha hata walio karibu.

Shemeji yangu alisema tubadili nywila usiku ule ule. "Sisi ndio tunaolipa," akasema. "Mgeni hunywa maji, hachukui mtungi."

Mama mkwe alikuwa akisikiliza. "Baba," akamwambia, "mwaka ule wa uvamizi tulikimbilia msituni. Ni nani aliyetuambia njia ipi ina watu wabaya? Si hawa hawa, kwa foni ya jirani na kwa miguu yao? Leo wakitaka kuuliza habari za ndugu zao, tuwafungie?"

"Hawaulizi habari, mama. Wanatazama mpira."

"Basi wazuie mpira," akasema, "usiwazuie watu."

Nasema wazi kwamba wote wawili walikuwa na haki, na bahati njema ni kwamba mtambo wenyewe uliweza kuwapatanisha. Ruta nyingi huruhusu kutengeneza mtandao wa pili kwa ajili ya wageni, wenye nywila yake, na kuuwekea mpaka wa mwendo. Tuliwapa wageni robo ya mwendo wote: yatosha kwa ujumbe, kwa sauti, kwa fedha za simu, na kwa mwalimu anayepeleka orodha ya wanafunzi wake. Haitoshi kwa mpira. Nywila ya nyumba tano ilibadilishwa, na ya wageni ikabandikwa barazani.

Kisha tukachunguza simu zetu wenyewe, na hapo tuliona mengi. Simu nyingi hufanya kazi kwa siri: hupakua matoleo mapya ya programu, hupeleka picha zote ghalani mbali, hupokea video za makundi ambazo hakuna aliyeziomba. Kupeleka hudhuru kuliko kupokea, maana njia ya kupanda mbinguni kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya kushuka, na sauti ya bibi hupanda kwa njia hiyo hiyo. Simu ya kijana mmoja wa nyumba ya tatu ilikuwa ikipandisha video za arusi kila jioni bila yeye kujua. Tuliagana kwamba mambo makubwa yote yafanywe baada ya saa tano ya usiku, na kwamba kuanzia saa moja hadi saa mbili jioni ni saa ya sauti.

Yamebaki mambo ya mvua. Sisi tuko karibu sana na Ikweta, kama digrii moja na nusu kaskazini yake, na kwa hiyo sahani zetu hutazama juu zaidi kuliko za Ulaya. Sahani itazamayo juu hukusanya majani na maji kama bakuli. Kila wiki kijana hupanda na kuifuta, na kukaza skrubu zilizolegezwa na upepo. Mvua kubwa yenyewe hufifisha mawimbi ya setelaiti, na hapo hakuna la kufanya ila kungoja nusu saa ipite. Mmoja wetu alishauri tukate mti mkubwa wa mashariki, ambao matawi yake yalianza kuikaribia sahani. Tulikataa. Tunakaa ndani ya hifadhi iliyowekwa mwaka 1992 kwa ajili ya msitu huu, na kusogeza sahani hatua kumi ni kazi nyepesi kuliko kuotesha mti wa miaka mia. Tuliisogeza, tukaielekeza upya, na kipimo hakikupungua.

Betri nazo zinahitaji jicho. Zikichoka, umeme hushuka, ruta hujizima na kujiwasha, na watu husema mtandao ni mbovu. Kabla ya kumlaumu mtu yeyote, tazama taa ya betri.

Hivi sasa nyumba tano tunajadili kama tununue chombo kipya cha setelaiti za chini. Shemeji anataka. Mwenye nyumba ya pili anasema ada ya kila mwezi itawalemea wajane wawili tulio nao katika kundi, nami naona hesabu yake ina nguvu. Tumeahirisha hadi mavuno. Bibi haulizi juu ya hayo. Saa moja ikifika huketi chini ya nguzo ya sebuleni, humsalimu mjukuu wake, kisha hunyamaza nusu sekunde yake na kungoja.